Beetle inavuja oili: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Doa la oili chini ya Volkswagen Beetle halikuambii sili gani imekufa. Injini hii hupozwa kwa upepo. Feni iliyo juu yake husukuma hewa kwa nguvu kupita kwenye silinda, kisha hewa hiyo hutokea chini na kubeba kila tone inalolikuta njiani. Oili iliyoanzia kwenye kipoza oili kilicho juu, mbele kushoto, inaweza kudondokea kwenye nyumba ya klachi, na fundi akateremsha injini nzima kubadilisha sili ya flaiwili (gurudumu zito linalounganisha injini na klachi) iliyokuwa nzima. Kosa hili hurudiwa kuliko jingine lolote kwenye gari hili, nalo ni ghali. Kabla ya kununua hata gasketi moja, tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa.

Maelezo haya yanahusu injini za 1300 hadi 1600 za kabureta. Mengi yanafaa pia kwa 1200, na kwa Kombi za zamani zenye injini ya aina hiyo. Kulia na kushoto hapa ni kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Flaiwili iko upande wa mbele wa gari, puli upande wa bampa la nyuma. Silinda 1 na 2 ziko kulia, 3 na 4 kushoto. 1 na 3 ndizo zilizo karibu na flaiwili.

Kabla ya yote: osha, paka poda, endesha

Pima kiwango cha oili kwanza. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe, usubiri dakika tano. Injini hii huchukua lita 2.5 tu. Oili nyingi huuzwa kwenye galoni la lita 4, na mtu aliyezoea magari mengine humimina lote. Ziada hiyo huchafuka ndani kwa kupigwa na krenki (shafti kuu ya injini), presha hupanda, na oili hutafuta mlango popote penye udhaifu. Gari la namna hiyo halina ugonjwa. Punguza oili hadi alama ya juu ya kijiti, kisha angalia tena.

Halafu safisha injini ikiwa baridi kabisa. Tumia sabuni ya kuondolea grisi au mafuta ya taa kwa brashi, na ufunike kabureta na distribyuta kwa mfuko wa plastiki. Usitumie petroli, hata kama umeona ikitumika kila siku. Bloku ya injini hii ni ya aloi ya magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu na mtungi wa kuzimia moto wa poda.

Injini ikikauka, pakaza poda ya watoto maeneo yote ya chini: mirija, kingo za kava za tapeti (vifuniko vya vali), bamba la chujio, maungio ya bloku na giaboksi. Endesha kilomita 10 hadi 15, zima, ingia chini na tochi. Oili mpya itachora mstari mweusi juu ya poda nyeupe. Fuata mstari huo kwenda juu hadi unapoanzia, na kumbuka kwamba upepo huusukuma kuelekea nyuma. Jeki peke yake haitoshi kulala chini ya gari. Weka stendi mbili imara na kabari kwenye matairi ya mbele. Matofali hupasuka bila kutoa ishara.

Dalili: matone katikati, chini kabisa, gari likiwa limelala usiku

Hapa chanzo karibu kila mara ni bamba la chujio, lile la mviringo lenye nati sita ndogo. Sababu kwa mpangilio wa kawaida: gasketi zilizotumika mara ya pili, bamba lililopinda kwa kukazwa kupita kiasi, washa za shaba zilizopotea chini ya nati, na mwisho nyuzi za stadi, yaani bolti zisizo na kichwa, zilizong'oka kwenye bloku.

Chujio hukaa kati ya gasketi mbili, moja juu na moja chini yake. Ukiweka moja tu, litavuja. Lilaze bamba juu ya kioo na ulisukume kwa kidole pembeni. Likicheza, limepinda kwenye matundu ya nati, basi ligonge polepole juu ya chuma tambarare hadi litulie. Kaza nati kwa zamu, kwa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, hadi 7 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha ukazaji) na si zaidi. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono kwenye spana fupi namba 10. Anayetegemea uzito wa bega ndiye anayepindisha bamba na kung'oa stadi, na kila anapokaza zaidi ndivyo oili inavyozidi kutoka.

Usipake silikoni hapa. Inayobanwa kuelekea ndani hukatika, hukwama kwenye waya wa chujio na kuinyima pampu oili. Gasketi kavu zinatosha.

Kama bamba lina nati ya kumwagia oili katikati, badilisha washa yake kila unapomwaga. Baadhi ya mabamba ya miaka ya 1970 hayana nati hiyo, na oili humwagwa kwa kulifungua bamba lenyewe.

Dalili: oili upande mmoja, moshi kwenye egzosi, harufu ya kuungua ndani ya gari

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa sana. Oili hudondokea kwenye bomba la egzosi au kwenye maboksi ya joto yanayopeleka hewa ya moto ndani ya gari, ndiyo maana harufu humfikia dereva kabla ya doa kuonekana.

Anza na kava ya tapeti kwa sababu ni kazi ya dakika kumi. Gasketi yake ni ya gome laini kama kizibo cha chupa ya mvinyo, nayo hukauka na kukatika. Weka chombo chini, bandua waya unaoibana kava kwa bisibisi nene, na ukubali kwamba oili kidogo itamwagika. Kwangua mabaki yote ya gasketi ya zamani. Gasketi mbili zilizopandana hazizibi. Gundisha mpya upande wa kava tu. Upande wa kichwa cha silinda paka grisi nyembamba ili siku nyingine itoke bila kuraruka. Angalia ukingo wa kava kama umebonyea, na waya kama umelegea. Waya usiorudi kwa mkwaruzo unaosikika hauna nguvu tena.

Kava ikiwa kavu na oili bado inatoka, tazama mirija ya pushirodi, vijiti vinavyosukuma vali. Iko minane, minne kila upande, chini ya silinda. Ndani yake pushirodi hupita, na oili iliyolainisha vali hurudi kwenye bloku kwa njia hiyo hiyo. Kila mrija una sili mbili, ya upande wa bloku na ya upande wa kichwa, na joto la egzosi lililo chini yake huzioka kila siku. Sili nyeusi za bei ya chini huwa ngumu kama kucha mapema. Za silikoni, mara nyingi nyeupe au nyekundu, huvumilia zaidi, na tofauti ya bei ni ndogo mno ukilinganisha na kazi ya kuzibadilisha.

Kagua ncha ipi imelowa. Ncha ya bloku ikilowa, matone hutokea karibu na katikati ya injini. Ya kichwa ikilowa, matone huwa nje karibu na gurudumu. Kagua na mrija wenyewe. Kutu hutoboa kwenye mshono wake, na tundu dogo kama la sindano linatosha kuchafua upande mzima.

Mrija wa kiwandani una mikunjo kama ya akodioni kwenye ncha zote mbili, na ndiyo inayoibana sili. Hauingii bila kuvua kichwa cha silinda. Kama kichwa kiko chini kwa sababu nyingine, uvute mrija kwa mikono hadi urefu wa 190 au 191 mm kabla ya kuurudisha. Mrija wa zamani usiovutwa ni mfupi, na sili mpya itavuja siku ya kwanza. Mshono uelekee juu, ili oili inayopita chini ya mrija isikutane nao.

Bila kuvua kichwa, nunua mirija ya vipande viwili yenye springi, inayorefuka yenyewe. Kazi inakwenda hivi:

1. Injini iwe baridi kabisa. Toa waya wa betri. Vua kava ya tapeti.
2. Legeza nati mbili za shafti ya roka (inayobeba vikono vya kufungua vali) kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, ili shafti isipinde. Itoe nzima.
3. Chomoa pushirodi na uzipange kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa na kuandikwa namba. Kila moja irudi palipokuwa pake.
4. Uponde mrija mbovu kwa koleo na kuutoa. Futa matundu yote mawili hadi yang'ae. Chembe moja ya mchanga itaharibu sili mpya.
5. Vaa sili mpya, bana springi ya mrija, uingize, kisha uachie taratibu huku ukihakikisha ncha zote mbili zimekaa katikati.
6. Rudisha pushirodi na uhakikishe kila moja imekaa kwenye kikombe chake ndani. Isipokaa, utaipinda ukikaza shafti.
7. Kaza nati za shafti kwa zamu hadi 25 Nm.
8. Rekebisha tapeti zote za upande huo: 0.15 mm, za kuingiza hewa na za kutoa moshi, injini ikiwa baridi.

Kwa hatua ya mwisho, anza na pistoni ya silinda 1 ikiwa juu kwenye mgandamizo, kisha zungusha puli kinyume cha saa nusu mzunguko kwa kila silinda, ukifuata 1, 2, 3, 4.

Usijaribu kuziba mirija kwa kukaza zaidi nati za kichwa cha silinda. Zitang'oa stadi kwenye magnesiamu, na utakuwa umetengeneza sababu ya tatu, iliyo nadra lakini mbaya zaidi: oili inayotoka pale silinda inapoingia kwenye bloku. Dalili yake ni silinda iliyolowa kwenye shina huku mirija ikiwa mikavu, pengine na mlio wa kupuliza injini inapovuta. Nati ikizunguka bila kupata ugumu, simama hapo. Bloku inahitaji kuchongwa nyuzi mpya na kutiwa bushi za chuma, kazi ya karakana yenye mashine.

Dalili: oili nyingi kwa ghafla, upande wa kushoto mbele

Hii si ya kuahirisha. Inayotoka hapa ina presha, na kilomita chache zinaweza kumaliza lita zote 2.5. Taa ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini hapo hapo, usisubiri kufika kituo cha mafuta. Kwenye injini isiyo na maji, oili inabeba sehemu kubwa ya kazi ya kupoza. Usiiwashe tena hadi ujue oili imekwenda wapi.

Kitu cha kwanza kuangalia ni swichi ya presha ya oili, chini ya distribyuta. Vua waya wake na uitazame katikati, penye plastiki. Ikiwa pamelowa, swichi imekufa ndani, ibadilishe tu. Nyuzi zake ni nyembamba kwenda mbele na hujiziba zenyewe, kwa hiyo ukikaza kwa nguvu utapasua bloku.

Swichi ikiwa kavu, basi ni kipoza oili, ambacho gereji nyingi hukiita oili kula. Kinakaa juu ya silinda 3, kwenye nyumba ya feni. Kwa injini za kuanzia 1971 kimesogezwa ndani ya kiboksi chake mbele ya nyumba hiyo, upande wa flaiwili. Chini yake kuna sili mbili, na kwenye injini za baadaye mbili zaidi kwenye kikalio chake. Sili ndizo hufa mara nyingi. Kipoza chenyewe hupasuka kwa nadra, na kikipasuka, uliza sababu kabla ya kuweka kipya.

Sababu hiyo huwa pistoni ndogo ya kupunguza presha iliyokwama. Iko chini ya bloku upande wa puli, nyuma ya bolti pana yenye mfereji wa bisibisi. Bloku za kuanzia 1970 zina ya pili upande wa flaiwili. Oili ya asubuhi ni nzito, na pistoni ndiyo inayoikwepesha isipite kwenye kipoza. Ikikwama imefungwa, presha yote huangukia kipoza na sili zake. Fungua bolti ukitumia bisibisi inayojaza mfereji wote, toa springi, kisha pistoni. Inatakiwa ishuke yenyewe. Ikigoma, itoe bila kukwaruza tundu, ilainishe kwa msasa laini sana wenye oili, na uweke washa mpya.

Sili za kipoza zina mtego. Matundu ya bloku za zamani ni ya 8 mm, za baadaye ni 10 mm, na kuna sili za kuunganisha kipoza cha aina moja na bloku ya aina nyingine. Pima matundu ya pande zote mbili kabla ya kwenda dukani. Sili isiyolingana inaweza kukaa vizuri kwa macho, ikavumilia injini ikiwa inanguruma pale ilipo, kisha ikafyatuka ukiwa kasi ya barabara kuu. Wengi hununua seti ya gasketi yenye sili za aina zote na kutumia ile inayokuja mkononi kwanza.

Kuzifikia kunahitaji kuinua nyumba ya feni. Wenye uzoefu hufanya hivyo injini ikiwa garini, lakini nafasi ni finyu na mikono hukatwa na mabati. Ukiteremsha injini, utapata na nafasi ya kusafisha mapezi ya silinda. Hilo lina uzito kwetu, kwa sababu oili iliyovuja hushika vumbi la barabara ya murram na kugeuka udongo kati ya mapezi, upepo ukakosa njia, na silinda 3 ikaanza kupata joto kuliko nyingine. Gari hili lilishinda East African Safari mwaka 1962 kwenye vumbi na tope hilo hilo. Linachohitaji ni mapezi yaliyo wazi.

Dalili: oili imechora mstari kuzunguka puli na mlango wa injini

Hapa watu hutafuta sili ya krenki ya nyuma na hawaipati dukani. Haipo. Upande wa puli, kiwanda kiliweka mfereji wa mzunguko kwenye shina la puli unaoirudisha oili ndani puli inapozunguka, na bati la kurushia oili nyuma yake. Mpango huo hufanya kazi vizuri ilimradi ndani ya bloku hakuna presha.

Kwa hiyo, ukishahakikisha kiwango hakijazidi, angalia upumuaji. Kwenye shingo ya kujazia oili kuna mpira unaokwenda kwenye kisafisha hewa. Uvue, uangalie kama umejaa utando wa krimu au umebanwa. Chini ya shingo hiyo kuna bomba jembamba lenye kimpira mwishoni, lizibue. Kimpira kikikosekana, vumbi huingia.

Upumuaji ukiwa mzuri, washa injini ikiwa ya moto, ondoa kifuniko cha oili, na uweke kiganja juu ya shingo. Pumzi ndogo za kupigapiga ni kawaida. Upepo unaosukuma kiganja, ukiwa na moshi, unasema ringi za pistoni zimechoka. Pima mgandamizo wa silinda zote nne. Silinda moja ikiwa chini kuliko nyingine, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya moto na upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali. Ringi zikiwa zimechoka, sili yoyote mpya utakayoweka popote itavuja tena, kwa sababu presha itaipata. Injini hiyo inahitaji kufunguliwa.

Kama oili iko chini ya puli, si pembeni, tazama kifuniko cha pampu ya oili chenye nati nne. Gasketi yake ni nyembamba kwa makusudi. Ukikata nyingine kutoka kwenye karatasi nene, oili itaacha kuvuja lakini pampu itapoteza presha, kwani nafasi kati ya gia na kifuniko haitakiwi kuzidi 0.1 mm.

Dalili: oili pale injini inapoungana na giaboksi, klachi inateleza

Nusa kwanza. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Ya injini ni nyeusi, nyepesi, na hunuka kuungua. Ikiwa ni ya giaboksi, tatizo ni sili ya shafti inayoingia kwenye klachi, na sili ya flaiwili haihusiki.

Ikiwa ni ya injini, rudi kwanza kwenye kipoza na uhakikishe kwa poda kwamba hakuna mstari unaoteremka kutoka juu. Baada ya hapo ndipo utuhumu, kwa mpangilio huu, sili kuu ya flaiwili, ringi ya mpira iliyo ndani ya flaiwili, kizibo cha mwisho wa kemshafti (shafti inayoendesha vali), na bloku iliyopasuka nyuma ya silinda 3.

Kuna kipimo kimoja cha kufanya kabla injini haijatoka, na kukiruka ndiko kunakofanya sili ile ile ibadilishwe mara tatu. Mtu akae ndani na kukanyaga klachi na kuiachia, wewe ukitazama puli. Klachi huisukuma krenki kuelekea nyuma. Ukiona puli inatembea kwa macho, au ukiisukuma na kuivuta kwa mikono ikagonga, mchezo wa krenki umezidi. Unatakiwa kuwa kati ya 0.07 na 0.13 mm, na mwisho wake ni 0.15 mm. Pima kwa geji ya saa. Krenki inayocheza zaidi huipasua sili mpya, na chanzo kinaweza kuwa beringi kuu ya kwanza iliyolika.

Kuteremsha injini si kazi ya kutisha kwa watu wawili wenye jeki nzuri. Ni bolti nne zinazoishika kwenye giaboksi, kebo ya mafuta, waya, kebo na mipira ya joto, na mpira wa petroli ambao ubanwe na kuzibwa mara tu unapochomolewa. Uzito ni zaidi ya kilo 100, kwa hiyo usiiache injini ining'inie kwenye shafti ya giaboksi.

Flaiwili ndiyo sehemu ya kumwachia fundi mwenye vifaa. Nati yake kubwa ya 36 mm hukazwa hadi 350 Nm, nguvu ambayo spana ya kawaida haifikishi. Nati iliyokazwa kwa nyundo na patasi hulegea, na flaiwili ikikatika pini zake hula krenki. Simamia yafuatayo: shimu (washa nyembamba za kurekebisha mchezo wa krenki) tatu zirudi zote, kamwe zisiwe mbili, ringi ya mpira ndani ya flaiwili iwe mpya, ukingo wa bloku usafishwe, sili iingie sawasawa pande zote, mdomo wenye springi ukielekea ndani ya injini, na mdomo huo upakwe oili. Shina la flaiwili likiwa na mfereji unaonasa ukucha, sili mpya haitashika juu yake.

Klachi iliyolowa oili isioshwe na kurudishwa. Oili imeshaingia ndani ya diski, na joto litaitoa tena.

Dalili: unyevu juu ya injini, na oili inayoongezeka badala ya kupungua

Unyevu chini ya distribyuta ni ringi yake ya mpira. Chini ya stendi ya jenereta ni gasketi. Haya ni madogo na yanaweza kusubiri Jumamosi.

Lakini kijiti kikionyesha kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, na oili ikawa nyepesi yenye harufu ya petroli, usiwashe injini. Utando wa ndani wa pampu ya petroli umepasuka, au sindano ya kabureta haifungi, na petroli inaingia kwenye bloku. Oili hiyo hailainishi beringi, na mvuke wake unaweza kulipuka. Badilisha pampu au sindano kwanza, ndipo umwage oili yote, usafishe chujio na kujaza mpya. Unapoweka pampu, kipande cha plastiki kinachoongoza kijiti chake kiwe na gasketi juu na chini.

Moshi wa bluu wa sekunde chache asubuhi, hasa gari likiwa limelala kwenye mteremko, si uvujaji. Silinda zimelala ubavu, na oili kidogo hupenya ringi za upande wa chini.

Baada ya matengenezo

Jaza SAE 30 au 20W-50 hadi alama ya juu. Acha injini ingurume dakika kumi ukiwa na tochi kabla ya kuitoa barabarani. Kagua tena baada ya kilomita 50. Oili iliyokuwa imejificha kwenye mabati na maboksi ya joto itaendelea kutoa moshi kwa siku mbili tatu, kwa hiyo paka poda upya kabla ya kuamua kwamba kazi haikufaulu. Tangu hapo, badilisha oili na usafishe chujio kila kilomita 5,000, na uangalie kilichonaswa kwenye waya: vipande vya silikoni vinakuonyesha makosa ya fundi aliyetangulia, na chembe za shaba zinatoka kwenye beringi.